Piano ya Marekani, pembe ya kwetu

Leo niko off, kwa hiyo ni siku ya historia kama tulivyozoea. Mambo ya presha na kisukari tunayaweka pembeni mpaka Jumatano. Posti ziko kumi. Weka chai mezani, shuka nazo taratibu, na usirukie ya mwisho.

1/10

Kuna mji mdogo Marekani, jimbo la Connecticut, unaitwa Deep River. Uko kando ya mto. Katika mji huo kuna nyumba ya mawe ya karne ya 19 ambayo siku hizi ni makumbusho ya chama cha historia cha pale. Wameweka humo vitu ambavyo mji unajivunia: vitana vya zamani, vipande vya pembe za ndovu, na safu za vibonyezo vyeupe vya piano.

Jirani kabisa kuna kijiji kingine kinaitwa Ivoryton. Ukilitafsiri jina hilo kwa Kiswahili unapata Mji wa Pembe.

Sasa jiulize swali la kitoto kabisa. Connecticut kuna theluji, kuna mito, kuna misitu. Tembo hakuna. Pembe zilitoka wapi mpaka kijiji kizima kikapewa jina lake?

Jibu ni kwamba sehemu kubwa zilitoka huku kwetu. Tabora, Ujiji, Manyema kule Kongo, zikapita Bagamoyo na Unguja, zikapanda meli. Leo nataka tuifuate safari hiyo, maana makumbusho ya piano kwa kawaida huanza hadithi kiwandani. Sisi tuianze porini.

2/10

Kwanza tuwape Wamarekani haki yao, maana urithi wao wa piano ni wa kweli.

Piano haikuzaliwa kwao. Ilibuniwa Italia, mjini Florence, karibu mwaka 1700, na fundi mmoja anaitwa Bartolomeo Cristofori. Kabla yake vinanda vya nyuzi vilikuwepo, ila vilidonoa uzi kwa nguvu ileile, upige kwa hasira au kwa upole. Cristofori akaweka nyundo ndogo inayogonga uzi na kurudi. Ukibonyeza polepole sauti inakuwa ndogo, ukibonyeza kwa nguvu inakuwa kubwa. Ndiyo maana ya jina lenyewe: *piano* kwa Kiitaliano ni polepole, na *forte* ni kwa nguvu. Piano za mkono wake zilizobaki duniani ni tatu tu. Ya zamani zaidi, ya mwaka 1720, iko New York kwenye makumbusho ya Metropolitan.

Wamarekani walichofanya ni kuipa mifupa. Piano ya kisasa ina nyuzi kama 230, na zote kwa pamoja zinavuta kwa nguvu ya karibu tani 20. Fremu ya mbao haiwezi mzigo huo, inapinda. Mwaka 1825 fundi wa Boston, Alpheus Babcock, akasajili fremu ya chuma ya kipande kimoja. Jonas Chickering, wa Boston pia, akaiendeleza, na mwaka 1843 akasajili fremu kama hiyo kwa ajili ya piano kubwa za ukumbini. Mwaka 1853 familia ya wahamiaji kutoka Ujerumani ikafungua kampuni New York. Ndio Steinway.

Baada ya hapo ni mwendo wa kiwanda. Mwaka 1909 peke yake, Marekani ilitengeneza zaidi ya piano 360,000. Kabla ya redio na gramafoni kuenea, familia iliyotaka muziki sebuleni ilinunua piano. Binti wa nyumba anafundishwa, wageni wakija anapiga. Ilikuwa alama ya kwamba mmefika.

3/10

Piano ya kawaida ina vibonyezo 88. Vyeusi 36, vyeupe 52. Kibonyezo chenyewe ni mti. Kinachoguswa na kidole ni kigae chembamba sana kilichogundishwa juu, na kwa miaka mingi kigae hicho kilikuwa pembe ya ndovu. Kila kibonyezo cheupe kilichukua vipande viwili, kipana mbele na chembamba nyuma. Piga hesabu: piano moja, vipande 104.

Kwa nini pembe? Hapa niruhusuni niingie kidogo kwenye fani yangu. Sisi tunasema pembe, lakini lile ni jino. Ni meno ya juu ya mbele ya tembo yaliyorefuka mpaka nje. Na sehemu kubwa ya jino hilo ni kitu kilekile kilichomo ndani ya jino lako na langu, kinaitwa dentini. Dentini ina vijitundu vidogo sana ambavyo kwa macho huvioni. Mpiga piano akitokwa jasho, pembe inanyonya kidogo, kidole hakitelezi. Pia haiwi baridi kama chuma wala haichubui kama mti.

Na si kila pembe ilikuwa sawa. Mafundi waligawa mbili: pembe ngumu na pembe laini. Ngumu ilitoka zaidi upande wa magharibi wa Afrika. Laini ilitoka mashariki. Laini ilikatika vizuri bila kupasuka, na ilikaa nyeupe kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo fundi wa Connecticut aliposema anataka pembe nzuri, alikuwa anazitaja njia zinazoishia Unguja, ajue asijue.

4/10

Wamarekani walifikaje Unguja? Kwa nguo.

Wafanyabiashara wa mji wa Salem, Massachusetts, walianza kufika pwani yetu miaka ya 1820. Mwaka 1833 Marekani ikatiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said, na mwaka 1837 konsuli wao wa kwanza, Richard Waters, akawasili Unguja. Alikuwa mfanyabiashara pia.

Bidhaa yao kubwa ilikuwa kitambaa cha pamba kigumu, hakijapakwa rangi, kutoka viwanda vya Massachusetts. Watu wa huku wakakiita merikani. Bibi zetu wamelitumia neno hilo mpaka juzi juzi, na wengi hawakujua kwamba wanataja nchi. Merikani ilikuwa fedha. Ukienda bara, unanunua pembe kwa merikani, unalipa wapagazi kwa merikani, unapata chakula kijijini kwa merikani.

Sasa kaa hapo kidogo. Pamba ya viwanda vya Massachusetts ilitoka kusini mwa Marekani, kwenye mashamba ya watumwa. Yaani mtumwa anachuma pamba kule, pamba inakuwa nguo, nguo inavuka bahari kuja kununua pembe huku, pembe inarudi kuwa piano. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza kule mwaka 1861, pamba ikaadimika, na merikani ikapoteza nafasi hata sokoni Unguja, nguo za Uingereza na India zikaingia. Vita ya Virginia ilisikika mpaka Tabora kwenye bei ya nguo.

Wale wanaosema utandawazi umeletwa na simu, naomba mrudie kusoma hapo juu.

5/10

Tuingie njiani sasa.

Kutoka Tabora mpaka Bagamoyo ni karibu kilomita 800 kwa miguu. Ujiji ni mbali zaidi, na Manyema iko ng'ambo ya ziwa. Punda na ng'ombe wa mizigo hawakufaa sehemu nyingi kwa sababu ya mbung'o. Kwa hiyo kila kitu kilipanda kichwani au begani kwa mtu. Mzigo wa kawaida ulikuwa karibu frasila mbili, kama kilo 32. Mimi nikimsaidia mgonjwa kumgeuza kitandani, dakika mbili tu, mgongo unalalamika. Hao walitembea miezi miwili, mitatu, na zaidi.

Wapagazi mashuhuri kuliko wote walikuwa Wanyamwezi. Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857, aliandika kwamba wabeba pembe walikuwa wakubwa wa msafara. Walitembea karibu na kirangozi, yule kiongozi wa mbele, na kengele ya ng'ombe ilifungwa kwenye ncha ya pembe ikawa inalia wakitembea. Kijana wa Kinyamwezi aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa mwanaume kamili.

Msafara huo umetuachia maneno ambayo tunayatumia kila siku. Hongo ilikuwa kodi ya njia, unamlipa mtemi ili upite salama kwenye nchi yake. Ilikuwa halali kabisa. Leo unajua maana yake. Posho ilikuwa mgao wa chakula wa mpagazi, au kipande cha nguo cha kununulia chakula. Kwa hiyo watumishi wenzangu, tunapouliza "posho imeingia?", tunauliza swali la mpagazi wa 1860, na mara nyingine jibu ni lilelile.

Hata Kiswahili chenyewe kiliingia bara kwa njia hiyo. Ndugu zetu wa Manyema kule Kongo wanaongea Kiswahili kwa sababu pembe zilikuwa zinatoka kwao.

6/10

Hapa ndipo pagumu, na naomba tuwe wakweli.

Vitabu vingi vya zamani vya Wazungu vilisema kila pembe ilibebwa na mtumwa mwenye mnyororo shingoni, wakifika pwani pembe inauzwa na aliyeibeba anauzwa. Wanahistoria waliochunguza baadaye wameonyesha kwamba njia ya kati, ya Tabora hadi Bagamoyo, ilitegemea sana wapagazi wa mshahara. Walipatana malipo, waligoma, walitoroka msafara wakidhulumiwa. Kuwaita wote watumwa ni kuwanyang'anya kazi yao.

Lakini usije ukakimbilia upande wa pili ukasema hapakuwa na utumwa. Ulikuwepo, na mkubwa. Watu walitekwa maeneo ya ziwa Nyasa wakapelekwa Kilwa. Watu walitekwa Manyema kwenye vita ambavyo chanzo chake kilikuwa pembe. Wengine walibeba mizigo wakiwa watumwa. Na faida ya pembe ilinunua watu wa kulima mashamba ya karafuu Unguja na Pemba. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873. Leo pale Mkunazini pana kanisa kuu la Anglikana, na ukienda utaona maonyesho ya historia hiyo.

Tena waliohusika si Wazungu peke yao. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alikuwa mtu wa Unguja, na aliacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili. Wapo watemi waliouza, wapo Wahindi waliokopesha fedha, wapo Waarabu, wapo Waswahili, wapo Wanyamwezi waliokwenda kufanya biashara yao wenyewe. Nyumba ya Tippu Tip bado ipo Mji Mkongwe.

Nayasema haya kwa sababu tukidai makumbusho ya wenzetu yaseme ukweli wote, sisi tuwe tayari kuusema wa kwetu.

7/10

Posti hii ni ya nesi, vumilieni.

Mwaka 1869 kipindupindu kilifika pwani yetu. Kilipita bara, nchi ya Wamasai, kikatokea Pangani, kikavuka kuingia Unguja. Daktari Mskoti aliyekuwa anafanya kazi Unguja, James Christie, alifuatilia kimetoka wapi na kimepita wapi, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kizima. Alichokiona ni kwamba ugonjwa ulifuata njia za biashara. Palipo na msafara, palipo na kisima cha msafara, ndipo ulipo.

Na kutoka pwani ukarudi tena bara kwa njia za pembe, mpaka Manyema. Ndui nayo ilisafiri hivyohivyo.

Fikiria kambi ya msafara. Mamia ya watu wamelala sehemu moja, maji ni ya dimbwi moja, choo ni kichaka. Mtu anaanza kuharisha usiku. Asubuhi msafara lazima uondoke kwa sababu chakula kinaisha. Aliyeshindwa kutembea anaachwa. Sisi leo tunajua mgonjwa huyo alihitaji maji, chumvi na sukari, na wengi wangepona. Maji ya ORS ambayo mama anachanganya nyumbani kwa dakika moja, kule hayakuwepo.

Kwa hiyo ukisikia bei ya piano ya 1870, ujue kuna waliolipia ambao hawakuwahi kuisikia ikipigwa.

8/10

Turudi Deep River.

Pembe ilishuka melini, ikapanda mto Connecticut mpaka kiwandani. Watu wa eneo hilo walikuwa na ufundi wa pembe tangu mwisho wa karne ya 18, walikuwa wanatengeneza vitana. Piano zilipopata soko, wakageukia vibonyezo. Kampuni mbili ndizo zilizotawala: Pratt, Read & Co. ya Deep River, na Comstock, Cheney & Co. ya Ivoryton. Sehemu kubwa ya pembe iliyoingia Marekani ilipita kwenye mikono ya vijiji hivi viwili.

Kazi ilikuwa ya umakini. Jino linakatwa vipande, vipande vinachorwa ili kisipotee hata kidogo, kisha vinapasuliwa kuwa vigae vyembamba. Vigae vinaloweshwa kwenye haidrojeni peroksaidi. Ndiyo, ileile inayotoa povu kwenye kidonda. Halafu vinapelekwa kwenye mabanda marefu ya kioo yaliyolielekea jua, vinaanikwa wiki hata miezi mpaka viwe vyeupe. Baadaye kuna wafanyakazi ambao kazi yao ni kulinganisha rangi na mistari, ili vibonyezo 52 vya piano moja vifanane kama meno ya kinywa kimoja.

Wafanyakazi wengi walikuwa wahamiaji, Waitaliano, Wapoland na wengine. Kampuni iliwajengea nyumba, na mwaka 1911 ikajenga ukumbi wa burudani pale Ivoryton. Ukumbi huo upo mpaka leo, ni wa michezo ya kuigiza. Kiwanda cha Deep River nacho kipo, kimegeuzwa kuwa makazi ya watu.

Na Unguja walikuwa na mtu wao wa kununua. Mmoja wao, Ernst Moore, alikaa huku mwaka 1907 mpaka 1911. Aliporudi kwao akaja kuandika kitabu, kikatoka mwaka 1931, na kwenye jina la kitabu akaiita pembe janga la Afrika. Aliyeinunua ndiye aliyesema.

9/10

Sasa nikupe kisa kilichonifanya niandike uzi huu wote.

Deep River palikuwa na shemasi anaitwa George Read. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa biashara ya pembe pale. Kampuni yake ndiyo baadaye iliungana na nyingine, mwaka 1863, ikazaliwa Pratt, Read & Co. Shemasi huyu alikuwa anapinga utumwa. Hakuwa wa maneno tu. Mtumwa mmoja mtoro kutoka kusini, Daniel Fisher, mzaliwa wa Virginia, alikuja kwa kujificha akiwa ameelekezwa amtafute Read. Read akampokea, akamhifadhi. Fisher akabadili jina ili wawindaji wa watumwa wasimpate, akaitwa William Winters. Mpaka leo Deep River kuna mtaa wenye jina hilo, Winter Avenue.

Kumhifadhi mtumwa mtoro kulikuwa na hatari. Read alifanya jambo jema, na aliyeokolewa ni mtu halisi.

Na mtu huyohuyo, asubuhi, alikuwa anafungua kiwanda cha pembe.

Nimelifikiria sana hili. Mtu mwovu ni rahisi kumweleza. Huyu hakuwa mwovu. Mateso yaliyofika mlangoni kwake akiwa na miguu, jasho na njaa, aliyaona na akafungua mlango. Mateso yaliyofika kwake yakiwa jino jeupe ndani ya kreti hakuyaona, kwa sababu jino halisemi. Limeshaoshwa. Limeshavuka bahari mbili. Karatasi inasema uzito na bei, basi.

Siwezi kumcheka. Kila zamu navaa glovu jozi sijui ngapi. Mpira wake ulitoka kwenye mti gani, uligemwa na nani, na huyo mgemaji analipwa nini, sijawahi kuuliza hata siku moja. Simu unayosomea posti hii ina madini, na baadhi ya madini ya aina hiyo hutoka Kongo. Mimi na wewe tuko kwenye kiti cha shemasi Read.

10/10

Kwa hiyo makumbusho ya piano yasemeje? Mimi sitaki yafungwe wala wabomoe sanamu. Piano ni kitu kizuri, na mafundi wake walistahili sifa. Nataka kibao kimoja zaidi ukutani. Baada ya jina la aliyebuni fremu ya chuma na jina la aliyefungua kampuni, waandike: vibonyezo hivi vilibebwa na watu wa Unyamwezi, Manyema na pwani, wengine kwa ujira, wengine kwa mnyororo, na viligharimu tembo.

Wapo kule walioanza kusema. Waandishi wa gazeti la Hartford Courant la huko huko Connecticut waliitoa historia hiyo hadharani, na mwaka 2005 kikatoka kitabu chao kuhusu jinsi majimbo ya kaskazini yalivyofaidika na utumwa, na habari za pembe zimo. Waliandika dhidi ya fahari ya kwao wenyewe. Nawaheshimu.

Tembo nao walilipa mara mbili. Vibonyezo vya pembe vilianza kuachwa Marekani miaka ya 1950, plastiki ikachukua nafasi. Lakini soko la pembe lilihamia kwingine, na mwaka 1989 mataifa, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, yakakubaliana kupiga marufuku biashara yake ya kimataifa. Hata hivyo kati ya 2009 na 2014 hesabu ya tembo wa Tanzania ilishuka kutoka karibu 109,000 hadi karibu 43,000. Hiyo si karne ya 19. Wengi wetu tulikuwa watu wazima tayari.

Na sisi je? Bagamoyo tuna makumbusho pale misheni. Kwihara, Tabora, kuna tembe la Livingstone. Ujiji kuna makumbusho pia. Wanafunzi wakipelekwa huko wanasimuliwa Livingstone, wanasimuliwa Stanley. Ningependa siku moja mtoto aingie, akute kibonyezo kimoja tu cha piano kwenye kabati la kioo, aulize, "Hiki kimefikaje hapa?" Na mwalimu amjibu kwamba swali sahihi ni kilitokaje hapa.

Jambo la mwisho. Makanisa na shule za zamani huku kwetu nyingine bado zina piano za enzi za wamisionari, zimewekwa stoo na vumbi lake. Ukiikuta, futa kibonyezo cheupe kwa kitambaa kikavu, kiangalie kwa karibu. Ukiona mstari mwembamba unaokata kibonyezo, pale kipande kipana kinapokutana na chembamba, na ukiona michirizi midogo kama ya mti, kuna uwezekano mkubwa ni pembe. Usiing'oe. Kuuza pembe ni kosa la jinai, na itakuwa ni kuiba mara ya pili. Iache, mwambie padri au mwalimu mkuu ni nini kile, na mwite mtoto mmoja aje aguse.

Mimi nina ombi. Wenye babu au bibi wa Tabora, Sikonge, Urambo, Ujiji, Bagamoyo, na ndugu zangu wa Kindu mnaosoma hapa: kuna aliyesimuliwa nyumbani habari za upagazi? Jina la babu, kijiji alichotoka, wimbo wa njiani, chochote. Waulizeni wazee wiki hii wakati bado wapo. Kazini kwangu nimewaona wengi wakiondoka na hadithi zao, na hakuna aliyewauliza.

Kesho niko asubuhi, nitasoma majibu jioni nikirudi. Jumapili njema.